Betri ya Sigara ya Kielektroniki: Hudumu Muda Gani, na Inatuambia Nini?

Keti, tulia, na ikiwezekana mwite kijana wako naye akae karibu, kwa maana mada ya leo huenda anaijua kukuliko.

Leo tutazungumza kuhusu betri. Pengine unajiuliza, betri na afya vinahusiana vipi? Je, hiyo si kazi ya fundi wa simu? Subiri kidogo, utaona.

Kuna swali ambalo watu wanaotumia sigara za kielektroniki huuliza mara kwa mara. Huwa hivi: "Nilipoinunua, nilikuwa naichaji mara moja kila baada ya siku mbili. Siku hizi naichaji asubuhi, na ikifika saa kumi jioni imezima. Je, betri imekufa?" Swali hili lina majibu mawili. Jibu la kwanza liko kwenye meza ya fundi. Jibu la pili liko kwa daktari. Watu wengi hutafuta lile la kwanza peke yake, wakanunua betri mpya, na kumbe betri ile ya zamani ilikuwa inajaribu kuwaambia jambo fulani kuhusu miili yao.

Hebu tuanze mwanzo.

Kifaa hiki ni nini?

Bila shaka umewahi kukiona, hata kama hukukitambua. Vijana wengine hukiita vepu. Kuna kinachofanana na sigara ya kawaida, kuna kinachofanana na kalamu, kuna kinachofanana na flashi ya kompyuta, na kuna kikubwa mfano wa tochi. Aina tunayoijua leo ilibuniwa mwaka 2003 na Hon Lik, mfamasia wa China ambaye mwenyewe alikuwa mvutaji wa sigara. Mwaka uliofuata ilianza kuuzwa huko China, kisha ikaenea duniani.

Ndani yake mna vitu vitatu muhimu. Cha kwanza ni kiowevu, ambacho kwa kawaida huwa ni mchanganyiko wa gliserini, propilini glaikoli, vitu vya kutia ladha, na nikotini. Cha pili ni koili, yaani uzi mwembamba wa chuma uliozungushwa na kugusana na pamba iliyolowa kiowevu hicho. Cha tatu ni betri. Mtu anapovuta, umeme hutoka kwenye betri, koili hupata moto, kiowevu hugeuka kuwa mvuke, na mvuke huo huingia mapafuni.

Hapana tumbaku inayoungua, hapana majivu. Hiyo ndiyo sababu baadhi ya watu husema, "Huu ni mvuke tu, ni kama wa chai." La hasha. Mvuke wa chai hauna nikotini. Mvuke huu una nikotini na kemikali nyingine, na Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba sigara hizi zina madhara na si salama.

Betri iliyomo ndani

Karibu sigara zote za kielektroniki hutumia betri ya lithiamu-ioni. Ni jamaa ya betri iliyomo ndani ya simu yako ya mkononi. Betri za aina hii zilianza kuuzwa mwaka 1991, na wataalamu watatu waliochangia kuziunda, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019.

Sifa yake kubwa ni kwamba hubeba nguvu nyingi katika umbo dogo. Ikijaa kabisa huwa na volti 4.2. Inapotumika hushuka polepole hadi kama volti 3, hapo kifaa huzima. Wastani wake ni volti 3.7, na ndiyo maana namba hiyo huandikwa ubavuni.

Kando ya volti utaona namba nyingine, kama 300, 650, 1,100 au 3,000, ikifuatiwa na herufi mAh. Hiyo ndiyo namba ya kuiangalia unapouliza betri itadumu muda gani.

Chaji moja hudumu muda gani?

Msikilizaji, fikiria tangi la maji nyumbani kwako. Tangi likiwa kubwa, maji yatadumu. Lakini hata tangi kubwa litaisha upesi ukifungua bomba kwa nguvu. Ile namba ya mAh ndiyo ukubwa wa tangi. Wati za kifaa ndizo upana wa bomba. Ukijua hizo mbili, unaweza kupiga hesabu mwenyewe.

Tuchukue betri ya mAh 1,000. Ukizidisha kwa volti 3.7 unapata wati-saa 3.7. Maana yake ni kwamba betri hiyo inaweza kutoa wati 10 kwa muda wa dakika 22 hivi. Dakika 22 ni kidogo, utasema. Lakini kumbuka koili hufanya kazi wakati wa kuvuta tu. Kama kila mvuto huchukua sekunde 3, dakika hizo 22 ni mivuto kama 440.

Sasa fungua bomba. Betri ileile kwenye kifaa cha wati 20 itatoa mivuto kama 220. Kwenye kifaa cha wati 50, mivuto kama 90 tu. Na katika matumizi ya kweli utapata pungufu ya hapo, kwa sababu betri haitoi nguvu zote iliyobeba, na nyingine hupotea kama joto.

Kwa vile vidogo vinavyofanana na sigara ya kawaida, tuseme vyenye mAh 280 na wati 7, hesabu hutoa mivuto kama 175. Linganisha na sigara ya karatasi, ambayo kwa kawaida humalizika kwa mivuto kama 10 hadi 15. Kwa hivyo anayemaliza chaji ya mAh 1,000 kwa siku kwenye kifaa cha wati 10 anaweka mdomoni mivuto inayolingana kwa idadi na ile ya pakiti nzima ya sigara na zaidi. Nikotini katika kila mvuto hailingani, hutegemea kiowevu na kifaa. Lakini idadi hiyo yenyewe inatosha kumfanya mtu ajiulize.

Betri yenyewe huishi miaka mingapi?

Hilo ni jambo tofauti na chaji moja. Betri ya lithiamu-ioni huzeeka hata ikitunzwa vizuri. Kwa kawaida, baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 300 hadi 500, hubaki na kama asilimia 80 ya uwezo iliokuwa nao ikiwa mpya. Haifi siku hiyo, ila huendelea kupungua, na mtu huanza kuhisi kwamba "haishiki chaji".

Ukichaji mara moja kila siku, mara 300 ni miezi 10, na mara 500 ni kama mwaka mmoja na miezi minne. Ukichaji mara mbili kwa siku, gawanya kwa mbili. Ukichaji nusu leo na nusu kesho, hizo mbili huhesabiwa kama moja. Hata betri isiyotumika huzeeka ikiwa kabatini, kwa hivyo betri iliyokaa dukani miaka mitatu si mpya, ingawa pakiti yake inang'aa.

Kuna mambo matatu yanayoharakisha uzee huo.

La kwanza ni joto. Betri iliyojaa kabisa na kuwekwa mahali penye nyuzi 40 inaweza kupoteza karibu theluthi moja ya uwezo wake kwa mwaka mmoja. Ndugu zetu wa Lodwar, Garissa na Mombasa wanajua joto ni nini. Na gari lililofungwa madirisha na kuachwa juani hupita nyuzi hizo kwa urahisi, hata Nairobi. Dashibodi ya gari si mahali pa kuweka betri.

La pili ni kuimaliza hadi kuzima kila mara. Wengi wetu tulipata simu zetu za kwanza wakati ambapo muuzaji alituambia, "Ichaji kwanza kwa muda wa saa nane, na usiichaji tena mpaka iishe kabisa." Ushauri huo ulitoka kwenye betri za zamani za nikeli. Betri ya lithiamu haiutaki. Inapenda kuchajiwa kabla haijaisha, na haina haja ya kukaa kwenye chaji usiku kucha.

La tatu ni chaja isiyofaa. Betri ndogo inataka umeme mdogo. Kifaa kilichotengenezwa vizuri huwa na sakiti ndani inayochukua kiasi kinachotakiwa na kukata umeme betri inapojaa. Lakini vifaa vingi vya bei ya chini havina sakiti ya kuaminika. Ukikichomeka kwenye chaja kubwa ya simu, betri hupokea zaidi ya uwezo wake, hupata moto, na huzeeka upesi. Wakati mwingine hufanya jambo baya zaidi, na tutalifikia hivi punde.

Betri imechoka, au wewe umezidisha?

Sasa turudi kwa yule aliyeuliza swali. Alikuwa anachaji kila siku mbili, sasa anachaji kila siku na bado haifiki jioni. Je, betri imechoka? Huenda. Lakini pia huenda betri ni nzima kabisa, na ni yeye anayevuta mara mbili ya alivyokuwa akivuta mwanzo.

Utajuaje? Usitegemee kumbukumbu, kwa maana mraibu hujidanganya bila kukusudia. Chukua daftari. Kwa muda wa siku saba, andika mambo mawili tu: umechaji mara ngapi, na umetumia mililita ngapi za kiowevu. Fanya hivyo tena baada ya mwezi mmoja. Kisha linganisha.

Kama unachaji mara nyingi zaidi lakini kiowevu unachotumia hakijaongezeka, basi betri imechoka. Hilo ni jibu la fundi.

Kama kuchaji kumeongezeka na kiowevu kimeongezeka kwa kiasi kilekile, basi betri haina kosa. Wewe ndiye uliyezidisha. Hilo ni jibu la daktari.

Na kama uliongeza wati, au ulibadilisha koili ukaweka yenye nguvu zaidi, vyote viwili vitaongezeka hata kama idadi ya mivuto ni ileile. Usijipongeze kwa hilo. Kama kiowevu ni kilekile, kila mvuto sasa unabeba nikotini zaidi.

Kuna mtego mwingine. Katika vifaa rahisi visivyo na sakiti ya kusawazisha umeme, betri inapochoka volti hushuka na mvuke huwa mwepesi. Mtumiaji huhisi hajatosheka, kwa hivyo huvuta kwa muda mrefu zaidi na mara nyingi zaidi. Baadaye huweka betri mpya yenye nguvu, lakini ile tabia ya kuvuta mvuto mrefu hubaki. Hivyo ndivyo kiasi cha nikotini hupanda ngazi bila mtu kutambua. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na nikotini ni mwalimu mkali wa mazoea.

Jambo hili ni zito zaidi kwa vijana. Ubongo wa binadamu huendelea kukua hadi umri wa miaka 25 hivi, na nikotini huingilia ukuaji huo, hasa katika sehemu zinazohusika na umakini, kujifunza na kujizuia. Kwa hivyo mwanafunzi anayehitaji kuchaji kifaa chake wakati wa mapumziko ya saa nne ili afike jioni ana tatizo ambalo fundi hawezi kulitengeneza.

Betri inapogeuka hatari

Mdharau mwiba mguu huota tende. Betri hii ndogo ina kiowevu ndani yake kinachoweza kushika moto. Pande zake mbili, chanya na hasi, hutenganishwa na utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele. Utando huo ukitoboka au ukiyeyuka, umeme wote hupita kwa mkupuo mmoja. Joto hupanda, joto hilo huzaa joto zaidi, gesi hujaa, na betri hupasuka au hulipuka. Kwa kuwa sigara nyingi za kielektroniki ni mrija wa chuma, gesi hutafuta mahali penye udhaifu, yaani mwishoni mwa mrija, na kifaa huruka kama fataki.

Idara ya kuzuia moto ya serikali ya Marekani ilikusanya taarifa za matukio kama haya yaliyoripotiwa katika vyombo vya habari vya nchi hiyo kuanzia mwaka 2009 hadi mwisho wa 2016. Ilipata matukio 195. Watu 133 waliumia, na kati yao 38 waliumia vibaya. Angalia yalitokea wapi: 61 yalitokea kifaa au betri ya akiba ikiwa mfukoni, 60 wakati mtu akikitumia, na 48 wakati wa kuchaji. Baada ya ripoti hiyo, mtu mmoja aliuawa na mlipuko kama huo katika jimbo la Florida mwaka 2018, na mwingine katika jimbo la Texas mwaka 2019.

Ukilinganisha na vifaa vyote vinavyotumika, matukio haya ni machache. Lakini simu ikishika moto huwa mezani au mkononi. Hiki huwa mdomoni, mbele ya macho na meno, au mfukoni, karibu na paja.

Kwa nini mfukoni? Sababu ni sarafu na funguo. Chukua mfano wa utingo wa matatu. Ameweka betri ya akiba katika mfuko uleule wenye chenji ya abiria. Sarafu ikigusa pande zote mbili za betri, hiyo ni shoti, na haihitaji zaidi ya sekunde chache kuwaka. Betri ya akiba iwekwe ndani ya kikasha chake cha plastiki, peke yake.

Hatari nyingine iko kwenye vibanda vyetu. Betri za duara zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, zinazoitwa 18650, ndizo zinazotumika katika sigara kubwa za kielektroniki. Betri hizohizo zimo pia ndani ya tochi na laptopu nyingi za zamani. Mtu huzitoa kwenye laptopu iliyokufa, huzivisha plastiki mpya na kuziuza. Nyingine huandikwa mAh 9,900. Msikilizaji, huo ni uongo wa wazi. Hadi leo betri ya ukubwa huo haijafika hata nusu ya namba hiyo. Aliyeweza kudanganya kuhusu ukubwa wa tangi, atakuambia ukweli gani kuhusu usalama wake? Betri ya tochi au ya laptopu huenda haikuundwa kutoa umeme mwingi kwa ghafla kama koili inavyodai. Tochi itawaka nayo vizuri mwaka mzima. Kwenye kifaa cha wati 50 itachemka.

Zifahamu dalili za betri inayotaka kuharibika. Imevimba. Plastiki yake imechanika. Inapata moto kiasi cha kushindwa kuishika. Inavuja au inatoa harufu ngeni. Imewahi kuanguka kwa nguvu au kuingia maji. Ukiona hata moja kati ya hizo, acha kuitumia siku hiyohiyo. Usijaribu kuitoboa ili "itoe hewa".

Usichaji chini ya mto, kitandani, wala juu ya kochi. Weka juu ya sakafu ya saruji au sahani ya udongo, mahali unapoweza kuona, na chomoa inapojaa. Na ikiwa unasafiri kwa ndege, hata ni kutoka Mombasa kwenda Nairobi, kifaa na betri za akiba usiviweke kwenye mzigo unaoenda chini ya ndege. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilikataza jambo hilo Juni 2015. Beba mkononi, na usichaji ukiwa ndani ya ndege.

Vile vya kutumia na kutupa

Kuna vifaa vinavyouzwa vikiwa vimejazwa tayari, mtu hutumia mpaka viishe kisha hutupa. Wengi hudhani betri yake ni ya kutumika mara moja. Sivyo. Mara nyingi ni lithiamu-ioni ileile inayoweza kuchajiwa. Mwaka 2023 watafiti wa University College London na Oxford walizitoa betri hizo kwenye vifaa vya kutupa, wakazichaji na kuzitumia zaidi ya mara 450, zikawa bado ni nzima. Yaani kitu chenye uwezo wa kudumu zaidi ya mwaka hutupwa baada ya siku chache. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa vifaa hivyo tarehe 1 Juni 2025.

Tafadhali usilichukulie hilo kama ruhusa ya kuvipasua nyumbani. Watafiti walikuwa maabarani. Lakini pia usivitupe kwenye pipa la taka, wala kwenye shimo linalochomwa moto jioni. Betri ikibanwa ndani ya lori la taka au ikichomwa, hulipuka, na anayeumia ni yule kijana anayechambua taka kwa mikono mitupu. Nairobi kuna kituo cha WEEE Centre kinachopokea taka za vifaa vya umeme. Kama uko mbali, ziba ncha za betri kwa utepe wa plastiki, iweke kwenye mkebe mkavu mbali na watoto, na uulize duka la simu kama wanakusanya.

Na tukitaja watoto, kile kiowevu chenye nikotini ni sumu kwao. Kina harufu ya maembe au peremende, na mtoto mdogo atakinywa. Kiasi kidogo tu kinaweza kumlaza hospitalini. Akikinywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali ukiwa na chupa yenyewe mkononi.

Ikitokea ajali

Kama kifaa kimeanza kutoa moshi kikiwa kwenye chaji, zima umeme ukutani kwanza. Usikishike kwa mkono. Ondoa watu. Kama moto ni mdogo na umeme umezimwa, kimwagie maji mengi ili kipoe, kwa sababu betri inaweza kuwaka tena baada ya kuonekana imezimika.

Kama mtu ameungua, mwagia mahali hapo maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Vua nguo na vitu vya chuma, isipokuwa vilivyogandamana na ngozi. Usipake dawa ya meno, mafuta, unga wala asali. Funika kwa kitambaa safi na uende hospitali. Ukifika, mwambie daktari waziwazi kwamba ni betri iliyolipuka, kwa kuwa huenda kuna kemikali pamoja na moto. Usione haya ukasema ni uji uliomwagika. Matibabu hutegemea ukweli.

Neno kwa mzazi, na neno kwa anayetaka kuacha

Mzazi, ukikuta kifaa kama hiki kwenye mkoba wa mwanao, usianze kwa kelele. Muulize swali moja tu: "Unaichaji mara ngapi?" Jibu lake litakuambia mengi. Anayechaji mara moja kwa wiki bado anaonja. Anayechaji kila siku huenda tayari anahitaji msaada, na msaada hautoki kwenye mshipi. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kumwuzia bidhaa ya tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18. Jirani zetu wa Uganda walikwenda mbele zaidi, na sheria yao ya mwaka 2015 ilipiga marufuku kabisa uuzaji wa sigara za kielektroniki.

Nawe unayetaka kuacha, daftari lile ndilo silaha yako. Punguza wati kwanza. Kisha usogeze muda wa kuchaji: ikizima saa kumi jioni, usiichaji mpaka asubuhi. Usiku wa kwanza utakuwa mgumu, wa nne utakuwa na nafuu. Kama una hasira, usingizi umepotea au huwezi kutulia, hizo ni dalili za nikotini kutoka mwilini. Mwone mhudumu wa afya akueleze kuhusu bandeji na ubani wa nikotini. Unaweza pia kupiga simu ya bure ya NACADA, namba 1192.

Mambo ya kukumbuka

Chaji moja hutegemea ukubwa wa betri na wati za kifaa. Betri hudumu chaji 300 hadi 500 kabla ya kuanza kuchoka. Joto, chaja mbaya na kuimaliza kabisa hufupisha maisha yake. Betri ya akiba na sarafu havikai mfuko mmoja. Na ikiwa unachaji zaidi ya zamani, pima kiowevu kabla ya kulaumu betri.

Betri iliyochoka hununuliwa nyingine dukani. Mapafu na ubongo havina duka.